"Siasa Marufuku" Haitoshi: Mwongozo kwa Admini wa Kundi la Mbio

Kama maelezo ya kundi lenu la WhatsApp yameandikwa "HAPA NI MAZOEZI TU, SIASA MARUFUKU", anza kwa kuyafuta. Najua yaliandikwa kwa nia njema, pengine na wewe mwenyewe, usiku ule watu wawili waliporushiana maneno mpaka wengine wakaanza kujitoa. Lakini sentensi hiyo haizuii siasa. Kazi inayofanya ni kuchagua siasa ya nani ipite.

Pitia ujumbe wa wiki moja kwenye kundi la jogging la hapa Dar es Salaam. Jumatatu mtu anatupia picha ya kiongozi akikata utepe wa barabara: "Hongera sana mheshimiwa, wakimbiaji tunashukuru." Zinafuata stika za makofi, viganja vilivyounganishwa, moto. Jumatano mwingine anaandika kwamba barabara hiyo hiyo haina njia ya waenda kwa miguu, alfajiri wanakimbia huku wakikwepa bodaboda, na anauliza hela ya taa ilienda wapi. Dakika tano haziishi: "Ndugu zangu, tusilete siasa humu." Wa Jumatatu naye alileta siasa, ila kwa kuwa alisifu, ikahesabiwa kuwa adabu. Pongezi hupita, lalamiko hukamatwa. Wewe admini unaweza usilione hili kwa mwaka mzima. Waliokamatwa wameliona zamani, na ndio hao unaoshangaa siku hizi mbona hawachangii hata hela ya maji.

Nitazungumzia mbio kwa kuwa ndizo ninazozijua, lakini wafugaji wa kuku, wapenda bustani, wapiga picha na wachezaji wa drafti wana makundi yenye tabia hizi hizi. Watu mmekutana kwa sababu ya jambo moja mnalolipenda, hamkukutana kwa sababu ya chama wala kabila. Ndiyo maana makundi haya yana thamani, na ndiyo maana yakivunjika huwa ni vigumu kuyarudisha: hakuna undugu wala ajira ya kuwarudisha watu mezani.

Kanuni itaje tendo

Neno "siasa" ni pana mno kuwa kanuni. Andika ni tendo gani halitakiwi na ni mazungumzo gani yanaruhusiwa. Mfano wa maneno ya kuweka kwenye maelezo ya kundi, ambayo unaweza kuyachukua yalivyo:

"Kundi hili ni la mbio. Jambo la umma linalogusa mbio zetu (barabara, taa, usalama, viwanja, ada za mashindano) tunalijadili. Kampeni ya chama au mgombea yeyote hailetwi, iwe kwa kusifu au kwa kuponda. Mtu hasemwi kwa kabila, dini, mkoa wala chama chake. Ujumbe ukivuka hapo unafutwa, na aliyeutuma anaambiwa pembeni kwa nini."

Uzito uko kwenye maneno "iwe kwa kusifu au kwa kuponda". Bila hayo, umerudi kule kule kwa picha ya utepe.

Sentensi ya pili nayo usiikate kwa kuogopa. Kuna watakaokushauri mfungie kila kitu ili mlale salama. Haiwezekani. Oktoba 2017 serikali ya Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga, kwa hofu ya mafua ya ndege. Machi 2021 Kenya nayo ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, kabla ya kulegeza kwa masharti siku chache baadaye. Niambie kundi la wafugaji wa kuku lingezungumzia nini wiki hizo kama si uamuzi wa serikali. Bei ya vifaranga na chakula cha kuku ndiyo mada yao yenyewe. Vivyo hivyo kwetu: barabara ikifungwa alfajiri kwa msafara, mkimbiaji ana haki ya kuuliza.

Mpaka unavukwa pale mazungumzo yanapoacha barabara na kuhamia kwa mtu: huyu ni mwizi, yule ndiye mkombozi, kura tumpe fulani. Hapo kampeni imeanza. Mara nyingi utaiona njia nzima: ujumbe kumi juu ya taa, wa kumi na moja unataja jina, wa kumi na mbili unataja kabila. Wa kumi na moja unapotokea, ingia: "Jamani turudi kwenye taa. Nani ana namba ya ofisi ya TARURA ya wilaya?" Swali la kazi kama hilo, la kuutafuta wakala wa barabara, linawapoza watu kuliko onyo, kwa sababu lina jibu.

Kabla ya kufuta chochote, jipime. Soma ujumbe huku ukibadilisha jina la chama au mgombea, weka wa upande mwingine. Kama ungeufuta ule, ufute na huu. Kama ungeuacha, uache. Usijidanganye kwamba huna upande. Kila mwenye kitambulisho cha kupigia kura ana upande, na wanakundi wako wanaujua wako hata kama hujawahi kuutaja. Hakuna anayekutaka uwe huna mawazo. Wanachotaka kuona ni kanuni ikimgonga mtu wa upande wako. Kwa hiyo kanuni mpya ikianza kazi, hakikisha miongoni mwa ujumbe wa kwanza kufutwa umo wa rafiki yako, na usimtonye mapema.

Wapo waliochagua njia tofauti kabisa. Ravelry, mtandao wa Marekani wa watu wanaofuma kwa nyuzi, Juni 2019 ulitangaza kwamba hautaruhusu mtu kuonyesha humo kumuunga mkono Donald Trump na serikali yake. Wakaeleza wazi kwamba mwenye msimamo huo anaweza kubaki na kazi zake za ufumaji zitabaki, ila msimamo asiulete. Wengi waliondoka, wengine wakashangilia. Mimi nisingeishauri njia hiyo kwa kundi la mbio la Temeke au la Nakuru, ambako jirani yako wa Jumamosi ndiye jirani yako msibani. Lakini wana jambo moja tunaloweza kuliiga: walitenganisha mtu na tendo, wakaliandika. Makundi yetu mengi humtoa mtu kwa sababu "tunajua ni wa chama gani" hata kama hajaandika neno.

Kumwambia mkubwa

Sehemu ngumu kuliko zote haimo kwenye kanuni. Ni yule mzee mstaafu, mtu wa heshima, anayeamka saa kumi alfajiri na kutuma video saba za mgombea wake kabla ninyi hamjafunga kamba za viatu. Ukifuta kimya kimya ataona umemdharau. Ukimkanya mbele ya watu mia mbili, umemvunjia heshima na waliobaki watamtetea hata wasiokipenda chama chake.

Mwandikie pembeni, na uandike kama mtoto wa mtu:

"Shikamoo mzee wangu. Habari za kuamka? Ile video ya mkutano uliyoiweka asubuhi nimeiondoa, kwa vile tulikubaliana kampeni zisiingie. Juzi niliondoa na ya upande wa pili, nisingependa ionekane nabagua. Naomba uniwie radhi kwa usumbufu. Jumamosi tunaanzia Mlimani, vijana wanakuulizia."

Salamu ikae mwanzoni na ikae peke yake. Sababu iwe ile ile inayowahusu wote, na uambatanishe ushahidi kwamba upande wa pili umeguswa. Bila huo ushahidi, ujumbe wote ni maneno matupu. Halafu mwalike kwenye mbio, ajue bado ni mwenzenu. Usimwandikie "umekiuka kipengele cha tatu", kundi la mbio si baraza la kata. Asipojibu, usimfuatilie kwa ujumbe wa pili. Atajibu Jumamosi kwa kuja au kwa kutokuja, na asipokuja mbili mfululizo, mpigie simu ya kumjulia hali bila kuitaja video.

Kwa wa rika lako maneno matatu yanatosha: "Kaka, nimeifuta ile." Wanaelewa. Na mzee akiwa ndiye anayelipia maji ya kundi kila mwezi, ujumbe ni ule ule, hauongezwi sukari.

Mtu akiuliza hadharani "mbona umefuta?", jibu mara moja, kwa sentensi moja, halafu nyamaza. Mjadala juu ya kufuta huwa mrefu kuliko mjadala uliofutwa. Kuhusu ujumbe wa sauti wa dakika tisa, sina faraja ya kukupa: hutaweza kuamua bila kuusikiliza mpaka mwisho, kwa sababu dakika nane za kwanza huwa ni salamu na historia ya njia ya mbio. Gawaneni zamu na maadmini wenzako.

Ujumbe uliosambazwa kutoka kwingine shughulika nao tofauti. Kwenye WhatsApp, ujumbe uliokwisha kupita mikononi mwa watu wengi hubeba alama ya mishale miwili, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kupelekwa zaidi ya sehemu moja kwa mkupuo. Wekeni kanuni rahisi: chenye mishale miwili hakiingii hapa, kiwe cha siasa, cha dawa ya kisukari au cha laana ya kutokisambaza kwa watu kumi. Mtu akitaka kusema jambo, aliseme kwa maneno yake. Utashangaa jinsi kundi linavyopungua kelele, kwa kuwa wengi wa wanaochafua hali ya hewa hawana wanalotaka kusema. Wana bando tu.

Usitegemee programu inayofuta yenyewe maneno yaliyo kwenye orodha. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya Kenya ilitoa orodha ya maneno yanayoweza kuwa ya chuki wakati wa uchaguzi, na "kwekwe" lilikuwemo. Kisa chake ni kizito, maana ni watu walioitwa magugu hayo. Lakini kundi la wapenda bustani lisiloweza kuandika kwekwe lifungwe tu.

Sheria, na wanaoandika wakiwa mbali

Wanakundi wengi hudhani kinachosemwa kwenye kundi kinabaki kwenye kundi. Waambie waandike wakijua picha ya skrini imeshapigwa. Kwa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, ilivyopitishwa iliweka faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo na kwa nia ya kupotosha au kudhalilisha. Kenya, Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, iliyozaliwa na damu ya baada ya uchaguzi wa 2007, inafika hadi faini ya shilingi milioni 1 au miaka 3 kwa kauli za chuki za kikabila. Na Julai 2017 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na ile tume ya uwiano walitoa mwongozo uliomtwika msimamizi wa jukwaa la mtandaoni jukumu la kudhibiti yanayoandikwa humo. Kwa hiyo uadmini si cheo cha kupewa mtu kwa kuwa anakimbia kasi.

Hapa pana ukosefu wa haki ambao hausemwi. Karibu kila kundi lina wenzetu walioko Muscat, Doha, London au Minneapolis. Wanapenda nyumbani, wanachangia vizuri kuliko sisi, na wana uhuru wa kuandika ambao aliyeko Mwanza hana. Anayeandika yuko salama. Anayejibu "kweli kabisa" ndiye aliyeko karibu na kituo cha polisi. Mwambie hivyo hivyo, pembeni: "Dada, wewe uko mbali, sisi tunaokujibu tuko hapa." Wengi hawakuwa wamelifikiria, na wakilifikiria wanapunguza wenyewe.

Jezi

Siasa inayoingia kwa maneno ni rahisi. Inayoingia na katoni za maji ndiyo inayomshinda admini. Kila kundi la jogging lenye watu zaidi ya hamsini litapata siku moja simu ya mtu anayetaka kuwa mgeni rasmi kwenye bonanza, na anakuja na jezi. Sisemi mkatae. Vijana wa mtaani wanaokimbia na raba zilizotoboka hawawezi kuambiwa wakatae jezi kwa ajili ya usafi wa moyo wa admini.

Lakini mkubaliane kabla hajafika. Jezi iwe na jina la kundi, isiwe na sura yake wala rangi ya chama chake. Akisema bila sura hatoi, mmeshajua alikuwa ananunua nini. Msaada utangazwe kundini kwa kiasi chake na jina la mtoaji, siku hiyo hiyo, ili baadaye asizuke mtu na hesabu zake. Shukrani itolewe mara moja na maadmini kwa niaba ya wote, na ikishatolewa, zile hongera arobaini zinazofuata zinaangukia kwenye "kwa kusifu". Mwingine wa chama kingine akija na ofa, masharti ni hayo hayo, na asiambiwe tuna mdhamini tayari.

Kisha kuna jambo ambalo mgeni ataliomba kwa upole wakati wa supu: "Niunganishe kwenye kundi" au "nitumie namba za vijana". Usimpe. Namba za watu mia mbili za mtaa mmoja ni mali kubwa kwa mgombea kuliko jezi zote alizoleta, na si mali yako kuitoa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina ya 2019, na zote mbili zinadai ridhaa au sababu nyingine ya kisheria kabla taarifa za mtu hazijatumika. Jibu la adabu lipo: "Mheshimiwa, tuachie ujumbe wako wa kuwatakia afya, nitauweka mimi." Auandike. Ukiwa na kampeni ndani yake, unaujua utaratibu.

Msimu wa uchaguzi

Kampeni za Tanzania Bara za 2025 ziliendeshwa kuanzia 28 Agosti hadi 28 Oktoba. Miezi miwili kama hiyo huwezi kuimaliza kwa kufuta ujumbe mmoja mmoja. Fungeni kundi usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na moja alfajiri, kwa ule mpangilio wa maadmini pekee kutuma. Mengi ya kujutia huandikwa muda huo. Siku ya kura na siku za kuhesabu, liacheni limefungwa kabisa, na mtangaze mapema kwamba litafungwa lini na litafunguliwa lini, watu wasidhani kuna anayenyamazishwa.

Kuhusu kufungua kundi la pembeni la "kijiwe" kwa wanaotaka siasa, ushauri wangu ni hapana, angalau si kwa jina la klabu. Linapoa kwa wiki mbili, halafu picha za skrini zinarudi kundi kuu, na kila picha ina nembo yenu juu. Wanaotaka kijiwe wanajua kukifungua wenyewe.

Yanayotokea siku ya kura na baada yake yanaweza kuzidi mwongozo wowote. Oktoba 29, 2025, siku yenyewe ya kura, intaneti ilizimwa nchini Tanzania, ikarudi siku kadhaa baadaye, na simu zikaanza kujaa picha za maiti ambazo hakuna aliyezoea kuziona kwenye nchi hii, pamoja na ujumbe wa polisi wa kuonya dhidi ya kuzisambaza. Picha za maiti hazitumwi kwenye kundi la mbio, kwa sababu ya sheria na kwa sababu ya mama wa marehemu anayeweza kuwa mwanakundi. Lakini msiba si siasa. Mwanakundi au ndugu yake akifariki, tangazeni, andikeni jina lake, kusanyeni rambirambi, semeni mazishi ni wapi. Familia ikitaja alivyofariki, admini asibadilishe maneno yao yawe "amefariki ghafla". Kubishana ni kosa la nani kusifanyike chini ya tangazo hilo, na hapo futa bila kusita, hata kama anayebisha unakubaliana naye kwa kila neno.

Mtu akijitoa, siku hizi WhatsApp huwaarifu maadmini pekee, kwa hiyo usimtangaze. Mpigie baada ya siku tatu nne hasira zikishapungua. Kumtoa mtu kuwe uamuzi wa maadmini wasiopungua watatu, na angalau mmoja awe anayeaminika kuwa wa upande wa anayetolewa. Kama maadmini wenu wote ni wa upande mmoja, tatizo lenu halikuanzia kwa huyo mtu.

Na admini mwenyewe akitia nia ya kugombea? Hutokea sana, kwa sababu anayeweza kuwaamsha watu mia saa kumi na moja alfajiri ana kipaji ambacho vyama vinakitafuta. Siku anayochukua fomu anaacha uadmini, hata ikiwa ni udiwani tu. Anabaki mwanakundi, anakimbia, anatupia picha za mazoezi, ila habari za fomu yake haziingii. Akishindwa anarudishiwa uadmini akiutaka. Akishinda, masharti ya jezi yanamhusu.